Tangazo la kazi ya zimamoto litaje tutakachopimwa, tumechoka kujiandaa kwa kubahatisha

Ndugu wanajukwaa,

Nimejizuia kwa wiki mbili nisiandike uzi huu nikiwa na hasira, lakini hasira haikupungua. Tangazo la nafasi za askari wa zimamoto nilizoomba lilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mwili wa mwombaji: awe na afya njema na ukakamavu. Halikutaja umbali, uzito, muda wala aina ya zoezi, na nilipopiga simu kuuliza nilijibiwa kwamba aliyejiandaa vizuri hana haja ya kuuliza maswali kama hayo. Nijiandae kwa lipi, ikiwa sijaambiwa?

Kwa miezi minne nilikimbia kilometa 10 kila alfajiri na kupiga pushapu hadi mikono ikatetemeka. Siku ya mtihani hatukukimbizwa hata kidogo. Tulivishwa fulana nzito, tukapandishwa ngazi za jengo tukiwa na mpira wa maji begani, kisha tukaamriwa kuburuta sanamu yenye uzito wa mtu mzima, kinyumenyume, hadi kwenye mstari. Pumzi nilikuwa nayo. Vilivyoniangusha ni vidole: vililegea kwenye mikanda ya sanamu nikiwa nimebakiza hatua chache, ikaanguka, nikaiinua, ikaanguka tena, muda ukaisha. Baadaye askari mmoja mstaafu alinionyesha kwamba unashusha nyonga, unanyoosha mikono badala ya kuikunja, unapiga hatua fupi fupi na kuuacha mzigo uvutwe na miguu, wala si mgongo. Alitumia dakika tano. Ningezipata dakika hizo tano mapema, ningefanya mazoezi ya kushika na kuvuta kwa miezi yote minne.

Naomba nieleweke kwamba silalamikii ugumu wa mtihani. Mtu aliyezimia ndani ya moshi hapungui uzito kwa sababu mwokoaji wake ni mwembamba, na asiyeweza kumtoa hastahili kupewa kazi hiyo. Ninacholalamikia ni usiri. Huko Marekani na Kanada idara nyingi za zimamoto hutumia mtihani wa uwezo wa mwili wa waombaji uitwao CPAT, ambao kila kipengele chake kiko hadharani: vituo vinane vya mazoezi mfululizo, vikamilishwe ndani ya dakika 10 na sekunde 20, mtahiniwa akiwa amevaa fulana ya takribani kilo 23. Kwenye kituo cha kwanza huongezewa kilo 11 hivi mabegani, akapanda ngazi za mashine kwa dakika tatu, hatua 60 kila dakika. Sanamu ya kuburutwa ina kilo 75. Zaidi ya hayo, utaratibu wa mtihani huo unataka watahiniwa waitwe kabla ya siku yenyewe, wavione na kuvishika vifaa, wafundishwe namna ya kuvitumia na kuruhusiwa kufanya majaribio. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kufanya hivyo kunarahisisha mtihani. Kilo 75 hubaki kilo 75 hata ukizijua tangu mwaka jana. Tofauti ni kwamba anayeshindwa anakuwa ameshindwa kazi yenyewe, na si kitendawili.

Pengo hilo la taarifa limewanufaisha watu. Nililipia mafunzo ya maandalizi kwa mtu aliyedai kuujua usaili huu ndani na nje, naye akatukimbiza uwanjani na kutugawia karatasi za majibu ya kukariri: kwamba nina wito tangu utotoni, kwamba napenda kusaidia watu, kwamba udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi. Jopo la usaili halikuuliza hata moja kati ya hayo. Liliniuliza ningefanya nini endapo ningemwona mwenzangu mwenye cheo kikubwa anaingia kwenye jengo linalowaka huku barakoa yake ya kupumulia haijakaa sawasawa. Nilibabaika, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa sentensi za mtu mwingine, wakati jibu lilikuwa jepesi kwa yeyote aliyewahi kuitafakari kazi yenyewe: unamzuia palepale, cheo kitazungumzwa baadaye.

Rafiki yangu aliyeomba kazi ya mhudumu wa gari la wagonjwa alitendewa vivyo hivyo. Aliambiwa usaili ni wa mazungumzo, akavaa nguo za ofisini, kisha akapigishwa magoti sakafuni na kutakiwa kukandamiza kifua cha sanamu, kama anavyofanyiwa mtu ambaye moyo wake umesimama. Yeye anajua kwamba mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Alichokosa ni stamina ya kuifanya kazi hiyo mfululizo bila kina kupungua, na stamina hiyo hujengwa kwa mazoezi ya wiki nyingi, si kwa kusoma. Wahudumu wazoefu hupokezana kila baada ya dakika mbili kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Yeye aliachwa aendelee peke yake hadi mikono ikamshinda, kisha akaandikiwa kwamba hana uwezo.

Nimepeleka barua kwa waliotusaili nikiomba mambo matatu: orodha ya mazoezi pamoja na uzito na muda wake, siku moja ya kuvishika vifaa kabla ya mtihani, na maelezo ya maandishi ya mahali niliposhindwa. Sijajibiwa. Nitapeleka nyingine, na safari hii sitaki kuipeleka peke yangu. Aliyewahi kupewa karatasi ya vipimo kabla ya siku ya mtihani, popote pale, tafadhali aiweke hapa tuiambatishe, na walioangushwa kama mimi waeleze ni zoezi gani hawakuambiwa kwamba lingekuwepo.