Vilima vya Shimba: ni wapi mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu?

Mama wa Kisauni aliuliza:

Assalamu aleikum, na habari zenu nyote. Sisi ni kikundi cha kina mama na mabinti wa Kisauni tuliozoea kutembea ufuoni alfajiri kabla jua halijapanda, na sasa tunatamani kwenda mahali penye vilima na miti mikubwa, ambako mtu atatembea nusu siku bila kupishana na bodaboda. Wengi wametutajia Shimba, kule Kwale. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza hunisimulia jinsi alivyozungushwa ndani ya gari akaonyeshwa wanyama, wala sijampata wa kunieleza kama mtu huruhusiwa kushuka akatembea. Naomba kujua njia zilizo wazi kwa waendao kwa miguu, miezi inayofaa, na kama watu waliozoea ardhi tambarare wataziweza. Kuna pia suala la mavazi, ambalo kwetu si dogo: wengi wetu huvaa buibui, nasi hatujui kama litatufaa msituni.

Mzaliwa wa Kwale alijibu:

Waaleikum salaam, dada yangu, na karibuni sana kwetu. Ndani ya hifadhi yenyewe, ambayo ilitangazwa mwaka 1968 na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, mtu hatembei apendavyo, kwa sababu humo mna ndovu na nyati. Ni kweli kwamba mwaka 2005 ndovu wengi walihamishwa kutoka Shimba wakapelekwa Tsavo Mashariki, kwa vile walikuwa wameizidi nafasi, lakini waliobaki wanatosha kumfanya mtu mwenye busara asiingie kichakani peke yake. Njia inayotembewa zaidi ni ile ya kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick, na safari hiyo huongozwa na askari wa KWS mwenye bunduki. Mkifika langoni, semeni mapema kwamba mnataka kutembea, ili mpangiwe askari.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huchoka wasijue kilichowachosha. Apandaye mlima hutoa nguvu zake wakati wa kwenda, na kurudi huwa nafuu. Huku Shimba mambo ni kinyume, kwa kuwa gari hukuacha juu kwenye majani, ukateremka kilomita kama mbili hivi ukiona mambo ni mepesi, ukafika penye maji yaangukayo kutoka kimo cha mita zipatazo 21, ukaloweka miguu na kupiga picha, kumbe mwinuko wote unakusubiri wakati wa kurudi, jua likiwa utosini. Basi msiyamalize maji ya kunywa kule chini kwa kudhani kazi imekwisha; kila mmoja abakishe zaidi ya nusu ya aliyoyabeba. Wakati wa kupanda, mwenye mwendo wa polepole atangulie, wengine wamfuate. Udongo wa pale ni wa kichanga na huteleza chini ya soli laini, kwa hiyo vaeni raba zenye meno, na mwenye magoti mabovu aje na bakora.

Kuhusu usafiri, matatu za kutoka Likoni hadi Kwale kupitia Kombani zipo, lakini lango liko mbele ya mji, na kutoka langoni hadi mahali pa kuanzia kutembea ni lazima muwe na gari. Kwa kikundi, ni afadhali mkodi matatu ya siku nzima. Ada hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa pesa taslimu langoni, na kila mtu abebe kitambulisho chake ili alipe kiwango cha mwananchi.

Mkiwa garini, mwombeni dereva aende taratibu katika zile mbuga zilizo katikati ya misitu, mtazame palahala, yule swala mkubwa. Dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, na pembe zake zimepinda kuelekea nyuma karibu ziguse mgongo. Katika Kenya nzima, huyu hupatikana kwetu tu.

Mwalimu wa Matuga alijibu:

Dada, nakubaliana na yote aliyoyasema ndugu yangu hapo juu, nami naongeza kuhusu mavazi, kwa kuwa nimewapeleka wanafunzi wa kike huko. Tatizo kubwa la buibui si urefu wake, ni rangi yake. Shimba kuna mbung'o, wale nzi wanaouma, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tena huuma hata juu ya nguo ikiwa nyepesi na imebana mwili. Mimi huvaa suruali pana ya pamba, juu yake dera la rangi ya udongo au kijani kilichofifia, na mtandio wa rangi hiyohiyo. Ncha za suruali huziingiza ndani ya soksi kwa sababu ya kupe, ambao hushika sana wakati majani yakiwa marefu baada ya masika. Mkirudi, kagueni miguu na nyuma ya magoti kabla hamjapanda gari.

Kwa upande wa miezi, Aprili hadi Juni sishauri, kwani mvua huwa nyingi na ule mteremko hugeuka utelezi mtupu. Agosti na Septemba ndiyo miezi niipendayo, wakati wa kusi, hewa ikiwa baridi na ukungu ukitanda juu ya vilima hadi asubuhi ipevuke. Januari na Februari ni kukavu, lakini joto la kaskazi kwenye ule mpando wa kurudi si la mchezo.

Mtembezi wa Changamwe alijibu:

Kwa heshima zote kwa wenyeji wa Kwale, naona tusimfiche dada yetu kwamba Shimba ni ya kutembea saa chache tu, na sehemu kubwa ya siku mtakuwa garini. Ikiwa kikundi chenu kinataka kutembea nusu siku kwelikweli, siku moja pangeni kwenda Taita. Mtapanda treni hadi Voi, kisha matatu ya kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Vilima vya Shimba huishia karibu na mita 450, ilhali kilele cha Vuria kule Taita kina mita 2,208, na njia nyingi za huko ni vijia ambavyo wenyeji wenyewe huvipita wakienda shambani na sokoni, hivyo hamtahofia ndovu. Ombeni pia mtu wa kuwaongoza kuingia msitu wa Ngangao. Ni msitu mdogo, lakini ndani yake mna ndege wa Taita wasiopatikana penginepo duniani. Itawabidi mlale huko, na sweta msiziache, maana usiku wa Wundanyi kwa mtu wa Mombasa ni baridi kali.

Mama wa Kisauni:

Mungu awalipe kheri nyote. Tumeshauriana, na tutaanza na Shimba mwezi wa Agosti, kisha Taita tukishapata mazoezi. Nabakiwa na swali moja: je, nje ya hifadhi, kule vijijini, tunaweza kutembea bila askari? Nasikia pia kuna makaya.

Mzaliwa wa Kwale:

Vijia vya kati ya mashamba ya minazi na mikorosho ni vya watu wote, lakini mchukueni kijana wa kijiji hicho awaongoze na mumlipe haki yake, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ndovu walipita wapi usiku. Makaya ni jambo jingine. Ile ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na kadhaa kati yake yamo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Hakuna kuingia bila idhini ya wazee, wala kutoka na hata kijiti. Iliyo tayari kupokea wageni ni Kaya Kinondo, kule Diani, ambako mtafungwa kaniki, yaani kitambaa cheusi, kabla ya kuingia. Itengeeni siku yake, msiibane pamoja na Shimba. Na siku ya Shimba, vukeni Likoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, au mpitie barabara ya Dongo Kundu ikiwa gari litatokea upande wa Miritini.