Skolashipu za thamodainamiki ya kompyuta, nianzie wapi?

Mtoto wa Kibuye: Wasee habari zenu, niko mwaka wa 4 hapa Kisumu nasoma fizikia na nimependa sana hii mambo ya CALPHAD, yaani unapiga hesabu kwa kompyuta unajua aloi, mchanganyiko wa metali, itayeyuka kwa joto gani kabla hata hujawasha moto, lakini maabara ya maana hatuna, kuna skolashipu ama tuzo mwanafunzi kama mimi anaweza kuomba kweli?

Fundi Maseno: Ndugu yangu maabara isikutishe. Shusha pycalphad, ni programu ya bure ya hizi hesabu, inatumia lugha ya kompyuta ya Python, halafu anza na risasi na bati, ile waya ya solda mafundi wa simu wanachomea. Bati peke yake inayeyuka nyuzi 232, risasi 327, lakini bati ikiwa kama asilimia 62 joto linashuka mpaka 183! Siku niliona mistari ya joto la kuyeyuka ikikutana kwa skrini yangu sikulala.

Dada wa Nakuru: Gibbs Triangle Award, tuzo kubwa ya CALPHAD, wachana nayo kwanza, hiyo ni ya waliokaa kwa hii kazi miaka mingi. Tafuta ile ya wanafunzi yenye jina la Larry Kaufman, yule aliyeanzisha mikutano ya CALPHAD 1973, inakusaidia kuhudhuria hiyo mikutano. Na barua ya mwalimu omba mapema jamani, yangu ilikuja siku ya mwisho na jina limekosewa.

Mtoto wa Kibuye: Asante sana dada, kesho asubuhi niko mlangoni kwa mwalimu. Solda naanza leo usiku.