Msaada: "toile" ni kitambaa au ni nguo?

SindanoNyembamba: Habari za humu wakuu. Mafunzo ya ushonaji yanasema "shona toile kwanza", lakini nikitafuta picha naletewa kitambaa cheupe chenye wachungaji na miti. Ni kipi hasa? Nina mita 4 za lesi ya gauni la harusi, sitaki kuikata kwa kubahatisha.

Mzee_wa_Futi: Ni Kifaransa, tamka "twal". Maana yake kitambaa tu, kutoka Kilatini *tela*, kitu kilichofumwa. Warsha za Paris hujaribia mshono kwa pamba isiyotiwa rangi, jina la kitambaa likahamia kwenye nguo ya majaribio. Hicho cha wachungaji ni toile de Jouy, cha Jouy-en-Josas karibu na Versailles, ambako mwenye kiwanda Oberkampf alianza kuchapa pamba mwaka 1760. Toile hizo mbili zinashiriki jina tu.

BandiKwanza: Kwetu toile ni amerikani, ileile pamba ghafi ambayo meli za Salem, Massachusetts zilileta Unguja karne ya 19. Fua kwanza ili irudi kabla ya kukata, kisha piga pasi. Nyuzi za mtande (zinazokwenda na urefu wa kitambaa) zishuke wima. Zikikaa upande, gauni litajizungusha mwilini na utadhani vipimo ndivyo vibaya. Acha sentimita 2.5 kila mshono, chora kwa penseli mstari wa katikati, kifua, kiuno na nyonga. Shona kwa hatua ya milimita 4 ili ifumuke upesi. Zipu usiweke, funga kwa pini.

Makunyanzi yakielekea kwenye ncha ya titi, kifua kinabana. Pasua hapo kwa mkasi, acha papanuke penyewe, bana kiraka kwa pini, pima upana wa pengo. Hilo pengo ndilo unaloongeza.

Mzee_wa_Futi: Naongezea. Shingo na kwapa zichanjwe ukingoni, yaani zikatwe vijikato vidogo, la sivyo zitakaba na utarekebisha kisicho kosa. Bibi harusi avae sidiria na viatu vya siku yenyewe.

SindanoNyembamba: Asanteni sana. Lesi yangu inavutika kidogo, amerikani itafaa?

BandiKwanza: Hapana ndugu, itakudanganya, gauni litapwaya. Tafuta kitambaa rahisi kinachovutika sawasawa na lesi: shika sentimita 10 za kila kimoja, vuta juu ya futi, linganisha. Ukimaliza marekebisho, fumua toile, piga pasi bila kuivuta, hamishia kila alama kwenye karatasi ya kukatia. Wengi huharibu hapa, wanakata lesi kwa karatasi ya zamani isiyorekebishwa.