Mrejesho: kivuli cha Excel kwenye monita kimetoka

Wakuu, niliuliza kuhusu monita ya IPS (aina mojawapo ya vioo vya LCD) iliyobaki na kivuli cha mistari ya Excel hata baada ya kufunga faili. Kimetoka, kioo hakijaungua.

Kipimo kilichomaliza ubishi: jaza skrini nzima rangi ya kijivu cha kati, si nyeupe wala nyeusi, maana hapo ndipo kivuli huonekana vizuri. Kisha piga skrinshoti uifungue kwenye simu, maana skrinshoti hunasa picha inayotengenezwa na kompyuta, si hali ya kioo. Kwenye simu kivuli hakikuwepo, kwa hiyo kadi ya picha na programu hazihusiki. Tatizo ni kioo chenyewe.

Kwenye LCD, picha ikiganda muda mrefu chaji hubaki ndani ya kioo na fuwele za kioevu zinazotengeneza picha hazirudi sawasawa mahali pake. Dawa ni kuipumzisha: niliizima usiku kucha, waya nje kabisa, asubuhi nikacheza video ya kujaza skrini. Programu za kuwakawaka rangi sikuzihitaji. OLED, aina ya skrini ambayo kila nukta hutoa mwanga wake, ni habari nyingine: pale nukta zenyewe huchakaa, na zikishachakaa hazirudi.

Sasa mwangaza nimeushusha, na Windows inazima skrini baada ya dakika 5.