"Bank" ya pesa na "bank" ya mto zinahusiana aje?

Mama wa Ahero: Wadau niko hapa Ahero, kijana wangu ameuliza mbona Waingereza wanasema "bank" ya pesa na tena ukingo wa mto kama huu wetu wa Nyando wanaita "bank", ni neno moja ama ni mawili? Nataka nimweleze vizuri.

Ticha Busia: Swali poa sana mama. Ya pesa ilitoka Italia, "banca", yaani benchi ama meza, juu wabadilishaji pesa wa zamani walikuwa wanaketi sokoni na meza zao, vile tu wale wetu wa kubadilisha shilingi za Uganda hapa boda. Ikapitia Ufaransa ndio ikafika Uingereza. Ya mto nayo ni ya watu wa Skandinavia, maana yake mwinuko wa ardhi, Wadenmark hadi leo kilima wanaita "bakke".

Omosh Kondele: Na ukichimba kabisa zinakutana, juu hao Waitaliano benchi walitoa kwa lugha za kale za Kijerumani, ukoo ule ule wa hiyo ya mto. Kwa hivyo benki na benchi zetu ni ndugu! Hata "bankrupt", kufilisika, ni "banca rotta", benchi iliyovunjika. Hiyo mimi naipenda sana.

Mama wa Ahero: Asanteni sana. Na ndege ya abiria ikilala upande ikikata kona, hiyo pia Waingereza wanaita "bank", inatoka wapi?

Ticha Busia: Hiyo inafuata ya mto mama, ule mteremko.