Naomba ushauri: Wi-Fi ya laptopu inakatika kwenye Debian 12

Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Nina laptopu ya mtumba, RAM GB 4, nimeiwekea Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux). Sauti, kamera, mwanga wa skrini, vyote safi. Shida ni Wi-Fi: inaunganisha, ila nikisogea mita chache kutoka kwenye ruta inakatika, wakati simu pale pale inashika vizuri.

Amri ya lspci -nnk, inayoorodhesha vifaa na draiva zake, inaonyesha kadi ya Wi-Fi ni 14e4:4727 (ya Broadcom), draiva (programu inayoiendesha kadi) inayotumika ni brcmsmac. Amri ya rfkill, inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa, haionyeshi kizuizi chochote. Nimeshazima hali ya kuokoa chaji, bado vilevile.

Kuna draiva nyingine, wl, inayojengwa kwa DKMS (zana ya kujenga draiva kwenye mashine yenyewe). Si ya chanzo huria, tena inataka brcmsmac na bcma (moduli ambayo brcmsmac inaitegemea) zizuiwe zisipakiwe, ndiyo maana nasita. Aliyeitumia kwenye kadi hii, je, keneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa, draiva hiyo inaendelea kufanya kazi? Au ninunue adapta ya USB, na yenye chipu gani ambayo keneli inaitambua yenyewe?

Kwa sasa naunganisha simu kwa waya wa USB, na bando linaisha haraka mno. Watoto wanajisomea kwa mashine hii, nawaombeni sana msaada.