Masoko ya utabiri: ni kamari au ni soko la mitaji?

Wadau wa Mwanza, naileta mada hii kwa sababu wapo wanaoichukulia Polymarket au Kalshi, majukwaa ya mtandaoni ya kununua na kuuza utabiri wa matukio, kama mkeka mwingine tu. Kwenye mkeka unacheza na kampuni, nayo ndiyo inayopanga malipo. Huku watu wanauziana wenyewe kwa wenyewe hisa za "ndiyo" na "hapana" juu ya jambo fulani kutokea. Hisa ya "ndiyo" ikiuzwa senti 60 za dola, soko linaona uwezekano wa asilimia 60. Jambo likitokea unalipwa dola 1, lisipotokea pesa yako imekwenda.

Marekani kwenyewe wanavutana. Mwaka 2022 CFTC, tume yao inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa na fedha, iliitoza Polymarket faini ya dola milioni 1.4. Mwaka 2024 Kalshi ikaishinda tume hiyohiyo mahakamani, ikaanza kuuza mikataba (hisa hizohizo) ya matokeo ya uchaguzi. Mwaka 2025 majimbo ya Nevada na New Jersey yakasema hii ni kamari, ikome. Na kwetu je, ni kazi ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana?

Kwangu mimi, leseni ya yeyote kati yao haitoshi. Chukulia kungekuwa na soko la tarehe ya kufunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi kabla ya Juni 2025. Mhandisi, mzabuni, hata dereva wa kiongozi wangejua mengi kuliko sisi tuliokuwa kwenye foleni ya kivuko. Kibaya zaidi, mwenye uwezo wa kuchelewesha kazi angeweza kulipwa kwa kuichelewesha. Jambo linaloamuliwa kwa saini ya mtu mmoja lisiuzwe kabisa.

Mchangiaji: Nakupinga, kaka. Mimi nanunua dagaa soko la Mwaloni. Mbalamwezi ikishika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Soko likinionyesha watu wanatarajia bei gani mwezi ujao, nitajua ninunue mzigo kiasi gani. Halafu ukikataza, watu watapita kwa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani.

Mleta mada: Ya dagaa nakubali, ndugu yangu, maana bei ile inatokana na wavuvi na wanunuzi wengi. Ila pawekwe kikomo cha hisa kwa kila mtu, la sivyo tajiri mmoja atanunua hisa kwanza, kisha afungie magunia ghalani mpaka bei ipande. Na huyo anayepita kwa VPN, siku akaunti yake ikifungwa ikiwa na pesa, atamshtaki nani, na katika mahakama ipi?